Si Uyoga, Mama

"Uyoga?" mama akauliza kwenye simu. "Umeacha masomo, sasa unalima uyoga?"

Ndugu msomaji, usicheke. Simu za kwetu Mgeta hukatikakatika, na mama alikuwa shambani, upepo unavuma. Nikarudia: "Yoga, mama. Ni mazoezi. Unainama, unajinyoosha, unapumua." Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema: "Yaani utoe hela kwenda kuinama? Si uje huku tunavuna viazi. Kuinama ni bure."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Darasa lilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, hapa hapa Mzumbe, kwenye ukumbi mdogo upande wa Changarawe. Mwalimu ni dada mmoja aliyejifunzia Nairobi. Jina langu nilikuwa nimeshaliandika, na tangu niliandike nilikuwa natafuta namna ya kulifuta. Mwenzangu wa chumbani aliponiona naizunguka ile karatasi ya tangazo akasema, "Shoga, hiyo siyo yoga. Ni woga." Akacheka peke yake.

Nilimwambia nataka kupunguza tumbo. Uongo mtupu. Kilichonipeleka ni mgongo. Nimebeba karoti tangu niko darasa la tano, kutoka mteremkoni hadi barabarani, maana gari haliwezi kushuka kule kwenye mashamba yetu. Lakini hata mgongo usingenitoa chumbani, nisiseme uongo tena. Ni siku moja nilipoinuka kwenye kiti cha maktaba, nikajiona kwenye kioo cha dirisha: mikono yote miwili juu ya mapaja, najisukuma polepole, kituo kwa kituo. Mama huinuka hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yeye kituo cha mwisho hafiki tena. Ana miaka arobaini na minane, anatembea huku anaangalia vidole vyake vya miguu. Mimi nina ishirini na mbili.

Basi nikaanza kujiandaa, na mwanafunzi anajiandaa kwa kusoma, si unajua. Nikakuta kwamba neno lenyewe ni la Kisanskriti, lina udugu na kufunga nira, kuunganisha. Kwamba kile kitabu cha kale cha Patanjali kina vifungu vifupi kama 195, na vinavyozungumzia mkao wa mwili ni vitatu tu. Vingi vilivyobaki ni habari za akili na namna ya kuituliza. Umoja wa Mataifa uliitengea yoga siku yake, tarehe 21 Juni, kwa azimio la mwaka 2014. Na hapo Nairobi kuna Africa Yoga Project, ambayo tangu 2007 imewafundisha vijana wa mitaa ya mabanda hadi wakawa walimu wenyewe.

Aliyenipa moyo hasa ni B. K. S. Iyengar. Alizaliwa India mwaka 1918, na utoto wake ulikuwa wa kuugua: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa, na akawazoesha watu kutumia mikanda, vipande vya mbao, viti, hata ukuta, ili mwili usiofika usaidiwe kufika. Nikasema, kama ni mkanda, khanga ninazo.

Usiku wa Alhamisi nikafunga mlango, nikajaribu. Nilitandika mkeka wa plastiki. Ukateleza kwenye sakafu, nikaenda nao hadi chini ya kitanda. Nikauondoa, nikabaki na saruji. Kuna mkao maarufu wanauita wa mbwa anayejinyoosha: viganja chini, makalio juu. Wakati wanauchora kama jambo la ajabu, mimi niliona mtu anayedeki. Nimedeki maisha yangu yote! Kumbe kazi haikuwa kuinama. Kazi ilikuwa kukaa pale na kupumua kwa pua, bila ndoo, bila kitambaa, bila kitu cha kumaliza. Nikagundua pumzi nimeibana. Sijui nilikuwa nimeibana tangu saa ngapi.

Ijumaa mama akapiga mwenyewe, jambo ambalo halifanyi, vocha ni ghali. "Na Padri anajua?" Nikamweleza ukweli: mizizi yake iko kwenye dini za India, na wako wanaoifanya kama ibada. Nilishamuuliza mwalimu, akasema yeye anafundisha mwili na pumzi, na asiyetaka kukutanisha viganja aviache magotini. Mama akaguna. "Haya. Mgongo unauma?" Sikuwa nimemwambia habari za mgongo. Nikajibu, "Kidogo, mama." Naye akasema tu, "Nilikuona Krismasi."

Sasa kilichobaki ni miguu. Yoga ni pekupeku, hilo tangazo lilisema wazi, na mimi nina magaga ya Mgeta ambayo miaka miwili ya chuo haijayaondoa. Nguo nilizipata mapema: taiti ya mtumba kutoka mjini Morogoro na fulana ndefu ya kunisitiri nikiinama. Miguu haina mtumba. Nikakaa bafuni na jiwe, nasugua, hadi yule mwenzangu akagonga: "Unachimba kisima?"

Jumamosi nikanywa uji saa kumi na mbili na kuziacha chapati, maana ukishiba ukaenda kujikunja utajuta. Nikafika mapema. Tulikuwa tisa. Mwenzangu, yule wa woga, alikuwa ameshakaa ukutani, hanitazami. Nikatazama miguu ya watu: mmoja ana kucha imeng'oka, mwingine magaga kuliko yangu.

Mwalimu hakuanza na mbwa wala mti. Alituambia tukae chini, halafu tusimame, kila mtu kama anavyosimama nyumbani kwake. Nikafikiria kudanganya. Kisha mikono ikaenda yenyewe mapajani, nikajisukuma, kituo cha kwanza, cha pili.

"Hapo hapo, dada," akasema, anakuja upande wangu. "Usiitoe mikono. Pumua kwanza."