Si Kila Kikohozi cha Mbwa ni Mfupa

Msomaji wangu unayefuga mbwa, huenda umewahi kugutushwa usiku na kikohozi kikavu huko uani: mbwa amenyoosha shingo, anatapika povu kama aliyekabwa na mfupa. Wangu, Simba, alianza hivyo siku chache baada ya kucheza na mbwa wageni. Jirani yangu akakunja mkono wa shati tayari kuuchomoa huo mfupa kooni.

“Mzee, hebu ngoja!” nikamwambia.

Daktari wa mifugo alisema ni kikohozi cha kuambukizana. Mojawapo ya bakteria wanaokileta ni ndugu wa yule wa kifaduro cha watoto. Mbwa mwenye nguvu hupona kwa wiki moja hadi tatu. Mtenge na wenzake, na ukanda usimbane shingo. Vidonge vyetu vya maumivu usimpe, vyaweza kumuua.

Lakini mbona nilimzuia mzee wa watu? Mbwa mwenye kichaa naye huonekana amekabwa: koo limepooza, mate yanachuruzika, hawezi kumeza. Mate hayo yakipenya mchubuko wa kidole, wewe ndiwe mgonjwa, na dalili zikishajitokeza ni nadra mno mtu kupona. Ukiguswa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitalini siku hiyo hiyo ukachanjwe.

Ama ufizi wa mbwa ukigeuka buluu, au kifua kikipiga miluzi, usingoje mapambazuko. Mwite daktari usiku huo, hata akikutoza maradufu.