Watoto wa Uluguru Walipokwenda Bagamoyo

Wengi wetu hapa Morogoro tukisikia shule inawapeleka watoto Bagamoyo twauliza nauli ni kiasi gani, basi. Twaona ni matembezi tu: kuutazama mji wa kale wa Wajerumani, kisha kuchezea maji ya bahari. Mwaka huu mimi niliombwa kuwa miongoni mwa wazazi wa kuwasindikiza, nami nakuandikia niliyoyaona, maana huenda mwakani ni zamu ya mwanao.

Tuliondoka alfajiri. Chalinze tukakata kushoto kwenda Msata, na kutoka hapo ni kilometa 64 za lami mpaka pwani. Njiani tulivuka daraja kubwa, mwalimu akauliza mto ule ni upi. Kimya. Alipowaambia kuwa ni Ruvu, binti mmoja wa Matombo aliinuka kitini: “Huu huu wa kwetu?” Naam, maji yatokayo milimani kwetu huingia baharini karibu na Bagamoyo. Tangu hapo hakuna aliyesinzia tena garini.

Mjini tulionyeshwa Boma la mwaka 1897, makaburi ya Wajerumani, na mahali walipowanyongea watu. Mji huu ulikuwa makao makuu ya serikali yao, lakini mwaka 1891 walikwisha hamia Dar es Salaam. Ni miaka michache mno, nawe ukisikia jinsi mji unavyotangazwa utadhani walikaa karne nzima! Pale pa kunyongea, vijana wawili walianza kupigana picha huku wakicheka. Mwalimu hakuwagombeza. Aliwasimulia tu habari za Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani mwaka 1888, hata akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Simu zikarudi mifukoni. Nilimpenda sana mwalimu yule.

Kule misheni, iliyoanzishwa mwaka 1868 na kuwapa makao watumwa waliokombolewa, tulisimuliwa jinsi mwili wa Livingstone ulivyofikishwa hapo Februari 1874. Ulibebwa na Chuma, Susi na wenzao toka nchi iitwayo leo Zambia. Kijana mmoja akauliza swali ambalo sisi wazazi hatukuwa nalo: hao wenzao majina yao ni nani? Na pembe za ndovu zilizouzwa mji huu, nani alizibeba?

Hapo ndipo mwalimu alipowageuza watoto watazame bara. Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ilipita kwetu. Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alipita Simbamwene, na Simbamwene ndiyo Morogoro yetu. Wapagazi walipita chini ya milima hii na mizigo kichwani na mabegani, wengine kwa ujira, na watumwa wakipita njia hiyo hiyo kwa minyororo. Ndiyo maana wazee hulieleza jina la Bagamoyo kwa namna mbili: mpagazi alibwaga moyo kwa kuwa amefika, mtumwa akaubwaga kwa kuwa harudi tena. Kisha reli ikafika Morogoro mwaka 1907, misafara ya miguu ikaisha, na mji ule ukapoa.

Kazi waliyopewa watoto ya kufanya nyumbani haikuwa kueleza majengo. Waliambiwa waulize ni nani katika ukoo wao aliyeipita njia ile kwa miguu. Mwanangu alinijia na daftari Jumapili. Mimi nilijua kwamba babu yake baba yangu aliwahi kuwa mpagazi, lakini jina lake silijui. Ikabidi tupande Kinole kwa shangazi yangu, bibi mwenye miaka tisini na kitu, ambaye masikio yamechoka lakini kichwa bado kizima. Alifikiri kitambo, akatutajia jina la mzee yule, na la mkewe aliyebaki akimngoja misimu miwili. Mwanangu aliyaandika yote mawili. Majina ya wenzake wa safari shangazi hakuyakumbuka, akatuelekeza kwa mzee mwingine wa Tegetero, ambaye tutamwendea mvua zikipungua.