Kishikizo cha Kamera Si Jambo Dogo

Picha nzuri ikitundikwa ukutani, wageni huisifu sura ya mwenye kupigwa na ustadi wa mpiga picha. Wengine huuliza aina ya kamera na bei yake. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni kitu gani kilichoishika kamera ile isitikisike. Hata hivyo, kati ya kamera na miguu mitatu inayoibeba pana kipande kidogo cha chuma au alumini, na mara nyingi hicho ndicho kiamuacho kama sura itatoka wazi au itatoka na ukungu.

Jambo hili alilifahamu vyema mzee mmoja wa Karusandara, wilayani Kasese, ambaye baada ya kustaafu kazi ya polisi alijipatia riziki kwa kupiga picha za harusi, za ubatizo na za jamaa. Kamera yake ilikuwa nzuri, na miguu yake mitatu ilikuwa imara. Lakini baina ya vitu hivyo viwili palikuwa na bamba bapa la bei rahisi, lenye skrubu moja tu katikati, aina ile isemwayo kuwa yafaa kila kamera.

Jioni moja ilikuja jamaa ya kijana mwanajeshi aliyekuwa katika likizo fupi. Walikuja wazazi wake, mkewe na watoto wawili, nao walitaka picha moja ya kusimama, itakayoonyesha sare tangu kofia hadi viatu. Kwa picha ya namna hiyo kamera hulazwa ubavu. Mzee akailaza, akakaza skrubu, akapiga. Jua lilikuwa limekwisha jificha nyuma ya milima ya Rwenzori, na kwa uchache wa mwanga kamera ilihitaji muda mrefu kidogo kuipokea sura. Katika muda huo lenzi ilikuwa ikishuka polepole kwa uzito wake, kiasi ambacho jicho halioni. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha zote zilionekana safi. Ziliposafishwa kwa ukubwa mjini Kasese, sura ya kijana ilikuwa na kivuli kama cha moshi. Wakati huo yeye alikuwa amekwisha rudi kikosini.

Mama yake kijana aliipokea picha, akalipa, akashukuru. Hakunung'unika hata neno moja, na ukimya ule ulimwumiza mpiga picha kuliko lawama.

Usiku ule mkewe, ambaye ndiye aliyetunza fedha za nyumba, alimwambia, "Baba watoto, zile fedha ulizoweka kwa ajili ya lenzi mpya, je, lenzi hiyo itaizuia kamera isilegee?"

"Haitaizuia, mama watoto," akajibu mzee.

"Basi tuanze na kile kitakachoizuia."

Shauri hilo lina maana kubwa, kwa maana wengi wetu hukimbilia kununua kile kinachoonekana na kukisahau kile kinachoshika. Wahenga walisema kuwa rahisi ni ghali. Ni vema basi kueleza jinsi kifaa hiki kinavyochaguliwa.

Kwanza, ifahamike kuwa chini ya kila kamera ya kawaida pana tundu lenye meno ya skrubu. Kipimo chake ni robo ya inchi kwa upana, nayo skrubu ina meno 20 katika kila inchi. Vyombo vizito hutumia kipimo kikubwa zaidi, yaani inchi tatu kwa nane, yenye meno 16. Skrubu isiwe ndefu kupita kina cha tundu, kwani ikilazimishwa yaweza kuiharibu kamera kwa ndani.

Pili, skrubu moja huizuia kamera isianguke, lakini haiizuii vema isizunguke. Kamera inapolazwa ubavu, uzito wake wote huning'inia upande mmoja na kuivuta kama mtu avutaye mpini wa spana. Mpira uliobandikwa juu ya bamba husaidia kidogo, lakini nao hubonyea. Dawa yake ni bamba lililotengenezwa kwa ajili ya aina ile ile ya kamera, lenye ukingo mdogo uliosimama na kuikumbatia bodi kwa nyuma au kwa mbele. Ukingo huo ndio ukatazao kuzunguka.

Tatu, mwenye kupiga mara kwa mara picha za kusimama afikirie kishikizo chenye umbo la herufi L. Mkono wake mmoja hupita chini ya kamera na wa pili hupanda ubavuni. Mpiga picha akitaka kusimamisha picha, huifungua kamera, huigeuza, kisha huifunga tena kwa ule mkono wa ubavuni. Hapo kamera hukaa juu kabisa ya miguu mitatu badala ya kuning'inia pembeni, na uzito wake hushuka katikati. Kwa askari polisi apigaye picha mahali pa tukio faida yake ni dhahiri: hugeuza kamera bila kuhamisha miguu, na picha ya kulala na ya kusimama zote huonyesha mahali pale pale kutoka upande ule ule.

Nne, kabla ya kulipa, kifunge kishikizo kwenye kamera papo hapo dukani. Je, kifuniko cha betri kinafunguka? Je, kadi inatoka bila kufungua skrubu? Je, kioo kinachokunjuka ubavuni kinapita, na tundu za nyaya hazikuzibwa? Ikiwa kamera imeongezewa mshiko wa betri kwa chini, umbo lake limebadilika, na kishikizo kilichopimwa kwa bodi tupu hakitakaa sawa.

Tano, kishikizo kioane na kibano cha miguu mitatu. Siku hizi vingi hufuata mtindo wa Arca-Swiss, wenye kingo zilizochongwa mshazari na upana wa karibu milimita 38. Hata hivyo vipimo hutofautiana kidogo baina ya watengenezaji. Kibano cha kukaza kwa kuzungusha huvumilia tofauti hizo, lakini kile cha wenzo huenda kikalegea au kikakataa kufunga. Aidha, yafaa pawe na vijiskrubu vidogo kwenye ncha za bamba ili kamera isiteleze ikaanguka kibano kikilegea.

Sita, lenzi ndefu na nzito yenye mguu wake yenyewe ifungwe kwa mguu huo. Kuifunga kwa bodi ni kuionea bodi.

Mwenye shaka ajaribu hivi: aifunge kamera, aikaze, ailaze ubavu, kisha aipige gazeti lililobandikwa ukutani kwa nusu sekunde, akitumia saa ya kamera ili mkono wake usiiguse. Aikuze picha kwenye kioo na kuzitazama herufi. Zikisomeka bila kivuli, kishikizo ni cha kuaminika. Zisiposomeka, na asiipeleke kamera hiyo kwenye harusi ya mtu.

Katika milima hiyo hiyo inayoitazama Karusandara pana ushahidi wa kazi iliyofanywa kwa utulivu. Mwaka 1906 mwana wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, aliingia Rwenzori kwa bonde la Mto Mubuku, ambao maji yake hushuka hadi Ziwa George. Pamoja naye alikuwamo mpiga picha Vittorio Sella, aliyepiga picha za vilele na barafu yake katika ukungu na mvua. Katika mwaka huo barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuwa na eneo la kilomita za mraba 6.5 hivi, kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki karibu kilomita moja tu. Watu wa leo wakitaka kuona kwa macho barafu iliyotoweka, huziangalia picha za Sella, kwa sababu ziko wazi. Alichokipiga hakipo tena, wala hakiwezi kupigwa upya.

Hali kadhalika nyumbani. Mtoto hukua, mzee huondoka duniani, na kijana huitwa kutumika mbali, kama walivyoitwa wengi tangu majeshi ya Uganda yalipoingia Somalia mwaka 2007. Picha ibakiayo huwa ndiyo shahidi wao. Kwa hiyo, anunuaye kamera na atenge kwanza fedha ya kishikizo kiioaneacho, akikaze kwa ufunguo wake kabla ya kila kazi, na akikague tena kazi ikiisha. Na jamaa iendayo kupigwa picha isione haya kumwuliza mpiga picha: kamera yako imefungwa kwa nini?