Jaji wa bia anarudije nyumbani?

Nchini Marekani, wazazi wanaopika bia jikoni kwao wameruhusiwa na sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwaka 1978, mradi wasiiuze. Wengi huipeleka kwenye mashindano, ambako majaji hujitolea Jumamosi nzima.

Uamuzi wenyewe ni wa haki. Chupa hazina jina, zina namba tu. Fomu inayotumika sana ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, inavyohisiwa mdomoni 5, na 10 za jumla. Kila jaji hujaza kimya kimya kabla ya kulinganisha na mwenzake.

Shida iko kwenye kumeza. Waonjaji wa mvinyo hutema, lakini wa bia kwa kawaida humeza ili wapime uchungu unaobaki. Kionjo ni kidogo, tuseme mililita 60. Bia 12 za asubuhi tayari ni mililita 720, karibu chupa moja na nusu ya nusu lita, na baadhi yake zina kilevi asilimia 10. Mchana anaanza upya. Wala hajioni amekunywa, maana hakushika glasi iliyojaa hata mara moja!

Mwandaaji makini huweka maji, mkate na chakula cha mchana cha kushibisha. Hivyo havipunguzi kilevi ambacho tayari kimo kwenye damu. Kwa hiyo suala la nani atamwendesha nani liamuliwe asubuhi, chupa zikiwa bado zimefungwa, na mwenzi aliyebaki na watoto aambiwe. Jioni kila jaji atasema yuko sawa.