Lubumbashi hadi Kitwe: makelele ya watoto wetu na makelele yetu



Juma lililopita wengi mliuliza tuko wapi. Tulikuwa safarini. Tulikuwa wamama saba na kijana mmoja wa miaka 17, tukaenda Kitwe, ng'ambo ya mpaka, kuuza vikwembe na kurudi na maharagwe na karanga. Kwa kawaida tukirudi tunawaandikia bei za soko na hali ya njia. Leo bei tutazisema kwa kifupi: vikwembe vyenye rangi kali viliisha siku ya kwanza, vile vya rangi ya kahawia tulirudi navyo. Habari kubwa ni ile ya mwenzetu na kijana wake. Yeye mwenyewe ameturuhusu kuieleza, mradi tusitaje jina.

Kijana huyu anapenda roki, ule muziki wa magitaa ya umeme yanayolia kama mashine ya kusaga. Alijinunulia bafle kwa feza ya kubeba mizigo wakati wa likizo. Mnajua mambo ya umeme katika kartie zetu: mchana hakuna, unarudi saa nne ya usiku. Basi saa nne ya usiku ndipo bafle inaanza. Katika nyumba ile kuna bibi mwenye ugonjwa wa presha na kuna mtoto mchanga. Jirani naye akaanza kusema kwamba ni nyimbo za shetani. Mama akakataza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne hakusema kitu. Kijana alipokuwa masomoni, akabeba bafle, akaiuza soko la Kenya.

Tangu siku ile kijana hakula tena pamoja na wengine. Alikuwa anachukua sahani yake na kwenda kukaa nyuma ya nyumba. Miezi miwili. Na huu ndio mwaka wake wa mtihani wa Serikali. Mama yake alituambia: «Niliona nimeuza bafle, kumbe nimeuza na mdomo wa mtoto.» Sisi ndio tulimshauri amchukue safarini. Tulihitaji mtu wa kubeba mabalo, na yeye alihitaji saa nyingi za kukaa karibu na mtoto wake.

Tulitoka Lubumbashi saa kumi na moja ya asubuhi, kungali giza. Mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90, lakini mwenye kuzoea njia hii hahesabu kilomita, anahesabu malori. Yanajipanga moja nyuma ya jingine, yamebeba shaba na kobalti ya kwetu kwenda baharini, na madereva wanapika bukari chini ya tela. Kijana alikaa kiti cha nyuma, nyuzi za simu masikioni. Hata na nyuzi zile sisi tulisikia gitaa. Mama yake akageuka, akafungua mdomo, akaufunga.

Mpakani tulitoa kadi za chanjo ya homa ya manjano na karatasi za kupita. Kibemba tunakijua wote, ni lugha ya pande zote mbili. Lakini fomu za upande ule zimeandikwa Kiingereza, na sisi tumesoma Kifaransa. Tukabaki tunatazamana. Kijana akaondoa nyuzi masikioni, akachukua kalamu, akatujazia fomu nane moja baada ya nyingine, na ofisa alipouliza swali akamjibu bila kutetemeka. Masomoni kwake Kiingereza ni masaa machache kwa juma. Tukamuuliza amekijua wapi. Akajibu bila kututazama: «Mu nyimbo.»

Baada ya mpaka gari linahamia upande wa kushoto wa barabara, na kila safari tunashika viti kama vile tunaona ajali. Mnapita Chililabombwe, mnapita Chingola, halafu Kitwe. Miji ya kule ni ndugu ya miji yetu. Sisi tuna mlima mweusi wa mabaki ya shaba kando ya bomba kubwa la moshi, na wao wana mlima wao mweusi Wusakile, karibu na mgodi wa Nkana. Wanauza kikanda kama sisi, wanakunywa munkoyo kama sisi. Bukari wanaiita nshima, basi.

Tuliuza Chisokone, soko kubwa la Kitwe, mpaka jioni. Usiku tulilala Wusakile kwa mama mmoja mzee, rafiki wa zamani wa chama chetu. Mume wake alifanya kazi mgodini miaka mingi, sasa amestaafu. Baada ya kula, mzee akauliza kijana anasikiliza nini. Kijana akampa uzi mmoja wa sikio. Mzee akasikiliza, akacheka, akaingia chumbani, akatoka na redio yake. Akaweka wimbo. Wamama, lilitoka gitaa lile lile la mashine ya kusaga, lakini la mwaka 1970 na kitu, na sauti ya Mwafrika juu yake.

Hapo ndipo tulijifunza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua, ingawa tunaishi jirani. Baada ya Zambia kupata uhuru mwaka 1964, bei ya shaba ilikuwa nzuri, na vijana wa miji hii ya migodi walishika magitaa ya umeme. Walichukua roki ya Uingereza na Marekani, wakaichanganya na ngoma za kwao, wengine wakaimba Kibemba na Kinyanja. Rais Kaunda alitaka redio ipige zaidi muziki wa nchi yenyewe, na vijana wakapata nafasi. Leo dunia inauita muziki ule Zamrock. Orkesta iliyojulikana kuliko zote iliitwa WITCH, neno la Kiingereza lenye maana ya mchawi. Herufi zake zilikuwa kifupisho cha maneno ya kusema kwamba wanakusudia kuleta fujo. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, kwa kumfuata Mick Jagger wa Uingereza.

Mwenzetu aliposikia habari ya mchawi na fujo, alisimama. Akasema jirani yake alikuwa na haki. Akamwambia kijana azime. Kijana akasema, na lilikuwa neno lake la kwanza kwa mama yake siku ile: «Mama, redio haiko yangu.»

Yule mama mzee akamshika mwenzetu mkono, akamkalisha. Akasema: mimi nilicheza muziki huu. Baba yangu alikuwa mchimbaji, alifanya zamu ya usiku, alirudi asubuhi na mavumbi mpaka ndani ya masikio. Kaka yangu alipiga gitaa mchana, ukuta kwa ukuta na kitanda cha baba. Siku moja baba aliamka na panga, akakata uzi wa umeme, akakata na nyuzi za gitaa. Kaka alihama nyumba. Baba alikuwa na haki, mtu aliyetoka chini ya ardhi anataka kulala. Kaka naye alikuwa na haki, alikuwa na miaka 18. Hakuna aliyewakalisha wote wawili na kuwauliza saa ngapi mmoja analala na saa ngapi mwingine anapiga.

Akanyamaza kidogo, akaendelea. Bei ya shaba ilianguka, feza ikapotea, dansi zikafungwa. Halafu ukaja ule ugonjwa, sida. Ulichukua wanamuziki wengi wa wakati ule, na kaka alikuwa mmoja. Akasema: «Nyumba ilinyamaza. Baba alilala vizuri sasa. Na kila asubuhi alikuwa anauliza kwa nini kuna kimya hivi.»

Jagari Chanda alibaki hai. Alifanya kazi ya kutafuta mawe ya thamani migodini, na akiwa mzee, watu wa Ulaya na Marekani walipoanza tena kununua nyimbo zile, alirudi jukwaani. Mwaka 2023 WITCH walitoa albamu mpya. Ni babu mwenye umri wa zaidi ya miaka 70.

Usiku ule hatukulala mapema. Tulianza kukumbushana mambo yetu. Sisi tunaosema muziki wa watoto ni makelele, wazazi wetu walituambia nini? Zaïko Langa Langa walipoanza Kinshasa mwisho wa mwaka 1969, waliacha tarumbeta, wakaweka mbele ngoma na gitaa, na wazee wakasema rumba imeharibiwa na watoto wahuni. Leo tukisikia Zaïko kwenye arusi tunasema huo ndio muziki wenye heshima. Mwaka 1974 James Brown alipoimba Kinshasa, mmoja wetu aliyekuwa msichana wakati ule alinyolewa nywele na baba yake kwa sababu ya kuiga mtindo. Na kabla ya hapo kulikuwa na Mwenda Jean Bosco wa kwetu Katanga, ambaye gitaa lake la mkono lilirekodiwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Leo vitabu vinamsifu. Lakini bibi zetu walituambia kwamba wakati ule kijana mwenye gitaa hakupewa binti wa watu.

Hatusemi kwamba watoto wana haki katika kila kitu. Masikio ni nyama, yanakufa. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu mzima anaweza kuisikiliza masaa 40 kwa juma. Ikifika 90, ni masaa 4 tu kwa juma. Kwa mtoto, kipimo cha masaa 40 ni desibeli 75. Sisi hatuna mashine ya kupima, lakini alama ziko: kama unapiga kelele ili mtu aliye karibu akusikie, sauti imezidi. Kama masikio yanalia nzii baada ya kuzima, yameumia. Nyuzi za masikioni ni hatari vilevile, kwa sababu mzazi hasikii na hawezi kukataza. Na hiyo si kwa roki peke yake. Bafle za arusi, za matanga na za maombi ya usiku kucha zinaua masikio yale yale, na zile ni sisi wakubwa tunaziwasha.

Tulirudi siku ya tatu. Ndani ya gari mwenzetu alikaa nyuma, karibu na kijana wake. Hatukusikia yote. Tulisikia akisema: «Kupunguza sauti, hapo siombi radhi, bibi yako ni mgonjwa. Kuuza kitu chako bila kukuambia, hapo nilikosa.» Kijana alitazama dirishani mpaka tukafika Kasumbalesa. Hapo akatujazia tena fomu.

Sasa wana mapatano. Bafle haijarudi, mama hana feza hiyo na hajaahidi. Kijana anasikiliza kwa simu, bila nyuzi, saa tisa mpaka saa kumi na moja, chini ya mwembe, mbali na dirisha la bibi. Juma la mtihani, hapana. Na kila Siku ya Mungu jioni anamchagulia mama wimbo mmoja, anaandika maneno yake kwa Kiswahili ndani ya daftari, mama anasoma huku akisikiliza. Wimbo wa kwanza, anasema, ulikuwa wa mtu asiyepata usingizi kwa mawazo. Tukamuuliza kama umempendeza. Akajibu: «Mubaya kabisa. Lakini sikujua kama mutoto wangu halali.»

Kijana amerudi kula mezani. Si kila siku.

Wamama, katika mikutano ya vikundi juma hili tuulizane: muziki wetu wa ujana ulikatazwa na nani, na watoto wetu wanajua habari hiyo? Mtuletee majibu. Bei za maharagwe tutaziandika juma lijalo.