Jifunze Kuanguka Kwanza



Judo ilianzishwa na Mjapani Jigoro Kano mwaka 1882. Mwanafunzi wa judo, kabla ya kumwangusha mwenzake, hufundishwa yeye kuanguka bila kuumia.

Juzi baada ya Isha kijana alinijia na barua ya kuacha kazi. Bosi kamkaripia mbele ya wenzake. Ana mke na watoto wawili. Nikamwambia: mwanangu, umeanguka, hujavunjika. Tia udhu, ulale, kesho kadai haki yako faragha, kwa adabu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye nguvu si bingwa wa mieleka, ni yule anayejizuia anapokasirika.

Nawe unayeandika barua yako usiku huu, isubirishe mpaka Alfajiri. Allah atupe subira. Aamin.