Muhogo Mchungu na Moyo Mchungu



Sisi wa jimbo la Uvira, kando ya Ziwa Tanganika, tunakula muhogo karibu kila siku. Hata mtoto anajua kwamba muhogo mchungu una sumu: hauliwi jinsi ulivyotoka shambani. Tunaumenya, tunauacha katika maji siku tatu au nne, tunauanika kwa jua, ndipo tunautwanga. Wakati wa njaa na vita kuna watu waliofupisha siku za maji, kwani tumbo halingoji. Wengine miguu yao ilipooza. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na aliyeshikwa nao hatembei tena kama zamani.

Moyo wa mtu pia una sumu yake, jina lake chuki. Tangu vita vya 1996 watu wa kwetu wamezika ndugu zao, wamekimbia na mizigo kichwani, wamerudi wakakuta nyumba hazina mabati. Na mara nyingi aliyetuumiza si mgeni: tunakutana naye kisimani. Nani atatuponya?

Wako wahubiri wanaoahidi kuponya yote katika usiku mmoja, kwa kelele na kwa sadaka kubwa. Mtu analia, anaanguka, na asubuhi anapita mbele ya jirani yake pasipo kumsalimu. Sumu ingali ndani. Hatukatai kwamba Mungu aweza kuponya mara moja, maana yeye ni Mwenyezi. Lakini Bwana wetu Yezu Kristu alitufundisha kuomba chakula cha kila siku, na papo hapo kuomba msamaha na kuutoa. Basi msamaha nao ni kazi ya kila siku.

Katika shirika letu yuko mama mjane. Mtu wa mtaa wake aliwaonyesha wenye silaha nyumba yake, wakamwua mume wake. Miaka miwili mama huyu alishindwa kusema Baba Yetu mpaka mwisho: alipofika penye maneno ya kusamehe, alinyamaza. Sisi tuliokaa naye hatukumkaripia. Tuliendelea kusali, naye akasikiliza. Katekista alimshauri ataje jina la mtu yule mbele ya Mungu kila jioni, hata kama hana neno la kuongeza. Jina tu. Akafanya hivyo, kisha akaenda kuungama. Mwaka wa tatu, mke wa yule mtu alipolala mgonjwa, mama alitwaa jembe lake akaenda kuwalimia. Hajamsahau mume wake, na ya mahakama anayaacha mahakamani, kwa sababu kusamehe si kuuita ubaya wema. Lakini sasa analala usiku, na anasali mpaka Amina.

Hayuko peke yake. Tarehe 1 Februari 2023, kule Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwasikiliza watu wa Mashariki waliojeruhiwa na vita. Kijana wa upande wa Beni, ambaye baba yake aliuawa, aliweka panga mbele ya msalaba, akasema kwamba kwa kusindikizwa na Kanisa yeye na watoto wengine wamefika kusamehe. Kusindikizwa, ndiyo kusema siku kwa siku, hatua kwa hatua.

Na hapa kwetu Uvira, tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Ambongo aliwatangaza Wenye heri wanne: Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Karibu miaka 60 ilikuwa imepita. Juu ya udongo uliokunywa damu yao watu walibatizwa, wakaoana, wakazika wafu wao, wakasali. Mungu hana haraka yetu, lakini halali.

Basi tufanye nini? Mwili ukiugua, au akili ikisumbuka, twende kwa mganga wa hospitali, Kanisa halikatazi. Lakini kwa sumu ya moyo tushike mambo haya madogo: sala ya asubuhi kabla ya kwenda shambani, salamu kwa jirani, Kitubio, Misa ya Dominika, na kila jioni jina la aliyetukosea mbele ya Mungu. Tusichoke kwa kuwa uchungu ungalipo. Mwenye kulowesha muhogo hautoi siku ya kwanza.